Habari za Mkono wa Kushoto

Ijuganyondo, Bukoba
17 Machi 2024

Mpendwa Mjomba Joackim,

Kasinge waitu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Evodia. Sisi huku tupo. Mvua imeanza kwa nguvu, na njia ya kutoka kwetu hadi kwenye lami ni tope tupu. Navaa mabuti mpaka Miembeni, nikifika kazini ndipo nabadilisha viatu. Cherehani zinakwenda. Wiki hii nimemaliza sare za kwaya mbili na magauni manne ya komunyo. Mume wangu Mwijage amepata kazi ya kupaka rangi kwenye majengo ya shule, anarudi na madoa ya kijani mpaka masikioni. Anakusalimu.

Kuhusu yale ya Januari, najua mlipata taarifa. Nilikaa hospitali siku tatu, nikarudi nyumbani. Sina la kuongeza.

Jambo lililonifanya niandike ni hili. Tangu mwezi wa kwanza siimbi. Si kwamba nimekataa. Nafungua mdomo, sauti haiji, nafunga. Nilikwenda kwa mwalimu wetu wa kwaya, mzee Kahangwa, kumwambia anitoe kwenye orodha. Alikuwa anafuta vumbi kwenye kinanda. Akaniambia, "Kemilembe, kama sauti imegoma, lete mikono." Kijana aliyekuwa anapiga besi amehamia Geita kikazi, na gitaa lake liko pale kwenye chumba cha kwaya, halina mtu. Nikaitika kwa sababu kuitika kulikuwa rahisi kuliko kueleza. Akanibebesha, nikaja nalo nyumbani.

Sasa ninalo wiki ya tano. Noti nazipata, kwa kuwa nyimbo nazijua. Shida ni moja. Nikipiga uzi mmoja, nyingine zinaitikia. Nikiacha, zinaendelea. Kwaya ikisimama mimi bado navuma. Mwalimu Kahangwa anakunja uso, anasema besi inatakiwa ijue kunyamaza, lakini yeye ni mtu wa kinanda, hajui kunionyesha namna.

Wewe umepiga besi miaka thelathini, kwenye bendi na kanisani. Nilikupigia simu mara nne. Inaita, Mama Evodia anapokea, anasema umetoka. Ndiyo maana naandika. Barua anakuletea Maulida, muuza mitumba wa hapa Miembeni ambaye hunipa nguo za kupunguza. Anakuja gulio la Muleba kila baada ya wiki mbili, na majibu unaweza kumpa yeye.

Nieleze, nyuzi zinanyamazishwaje?

Mpwa wako,
Kemilembe


Muleba
2 Aprili 2024

Mpwa wangu Kemilembe,

Pokea salamu kutoka kwetu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Hapa nyumbani hatujambo, isipokuwa Mama Evodia ana kikohozi kinachokuja na kuondoka. Kibanja kimepata mnyauko upande wa chini. Imebidi mashina kumi na mawili ya migomba yakatwe na kufukiwa, na pengo lake linaonekana mpaka barabarani. Pasaka tulikula vizuri. Mimi ni mzima. Simu huku mlimani inasumbua, usihangaike nayo. Wewe andika.

Sikutegemea kwamba kati ya watoto wote wa marehemu dada yangu, atakayeshika besi atakuwa wewe. Ulikuwa na sauti nzuri. Lakini nimeelewa, sitauliza.

Sikiliza. Watu wanadhani kazi ya mpiga besi ni kupiga. Nusu ya kazi ni kuziba. Gitaa lina nyuzi nne. Ukipiga mmoja, zile tatu zilizobaki nazo ni kazi yako, tena ndizo kazi ngumu.

Tuanze na mkono wa kulia. Kidole gumba chako sasa hivi kiko wapi? Nadhani umekiegemeza kwenye ile sumaku iliyo chini ya nyuzi, ukakisahau hapo. Wote huanza hivyo. Kikae pale wakati unapiga uzi mnene wa juu tu. Ukishuka kwenda uzi wa pili, kidole gumba nacho kishuke, kilale juu ya ule mnene. Ukishuka wa tatu, kishuke tena, kilale kwenye wa pili, na ubavu wake uendelee kugusa ule mnene. Kinakufuata kama mtu anayefunga milango nyuma yako. Ukipanda, nacho kinapanda.

Fanya mazoezi bila spika. Kaa jikoni mahali penye utulivu. Piga noti moja, hesabu hadi nne, ziba, kisha sikiliza. Kama bado kuna kitu kinavuma, kuna uzi umeusahau. Tafuta ni upi, usikisie. Usipige noti ya pili mpaka kuwe kimya kabisa. Siku za mwanzo utachoka, utaona unapoteza muda. Endelea.

Wiki tatu, mkono wa kulia peke yake. Habari za kushoto tutaziona baadaye.

Januari nilipaswa kuja. Sikuja. Nisamehe, maelezo yake si mazuri.

Mjomba wako,
Joackim


Ijuganyondo, Bukoba
28 Aprili 2024

Mpendwa Mjomba,

Kasinge. Pole kwa migomba na pole kwa Mama Evodia. Mwambie achemshe tangawizi, nimempa Maulida kipande kikubwa amletee pamoja na barua hii. Huku mvua haijakatika. Ukuta wa choo cha jirani umeanguka, hakuna aliyeumia. Mwijage hana kazi wiki hii kwa sababu rangi haikauki, kwa hiyo tunashinda wote nyumbani Jumamosi na Jumapili.

Kidole gumba sasa kinafuata. Mwanzoni nilikuwa nakikumbusha, siku hizi kinakwenda chenyewe. Nafanya kama ulivyosema, noti moja, nne, kuziba, kusikiliza. Nimepata kiti karibu na mafiga. Nakaa saa nzima, wakati mwingine zaidi.

Juzi Mwijage alisimama mlangoni akaniangalia muda mrefu. Akauliza, "Unasikiliza nini?"

Nikamwambia, "Nangoja kuwe kimya."

Akasema, "Kimya si kipo tu humu ndani?" Akavaa kofia akatoka.

Nakuandikia hili kwa sababu sijui nilitakiwa nimjibu nini. Ni mtu mwema. Anafua hata nguo zangu. Mimi nakula, nalala, naenda kazini, nasalimia watu. Watu wananiambia najitahidi. Jumanne sindano ya cherehani ilinipitia kidole. Niliona damu kwenye kitambaa cheupe kabla sijajua kuwa ni yangu. Fundi mwenzangu ndiye aliyepiga kelele.

Sasa tufike kwenye mkono wa kushoto. Mnene nimeuweza, wa pili nimeuweza. Lakini nikiinua kidole cha kushoto kutoka kwenye chuma cha shingoni, uzi unalia wenyewe, ndiyooong, kama mtu ameukwaruza. Na zile nyembamba za chini hakuna anayezigusa, zinavuma zitakavyo. Kidole gumba cha kulia hakifiki huko. Lazima ni kazi ya kushoto. Nielekeze.

Maulida anasema hajawahi kukuona. Barua anampa Mama Evodia pale uani, ndani anasikia redio na mtu anakohoa. Alisalimia kwa sauti, hakuitikiwa. Mjomba, upo?

Mpwa wako,
Kemilembe


Muleba
6 Juni 2024

Mpwa wangu,

Nimechelewa kujibu. Kahawa imeanza kuiva na hapa kila mtu yuko na kikapu, na mwaka huu mikono ni michache. Tangawizi ilifika, kikohozi kimepungua. Kanisa letu linaezekwa upya, kwa hiyo ibada iko kwenye darasa la shule. Hayo wananiambia. Mimi mara nyingi nabaki nyumbani Jumapili, mtu lazima aangalie kahawa iliyoanikwa.

Maulida ni mtu wa haraka, anasalimia huku ameshageuza mgongo. Nipo.

Umeniambia kidole gumba kimekwenda chenyewe. Vizuri sana. Sasa vidole viwili vinavyopiga, cha shahada na cha kati. Vipokezane, kimoja baada ya kingine, kama miguu. Usivikunje kuelekea kwenye kiganja. Kidole kikishapiga uzi, kiendelee mbele kikapumzike juu ya uzi unaofuata, ule mnene zaidi. Hapo kimefanya kazi mbili, kimepiga na kimeziba. Hii peke yake itakuondolea nusu ya kelele ulizonazo.

Kuna namna nyingine. Laza ule upande wa kiganja cha kulia, upande wa kidole cha mwisho, juu ya nyuzi zote karibu kabisa na pale zinapofungwa chini. Kisha piga kwa kidole gumba. Utapata sauti fupi, nzito, isiyo na mkia. Wakati wa bendi tulikuwa tunaitumia kwenye nyimbo za polepole, watu wakiwa wamechoka kucheza. Kwa nyimbo za toba inafaa.

Mkono wa kushoto ni mgumu kuueleza kwa maandishi. Usiwe na haraka nao. Tutaona.

Mwijage msikilize. Mwanamume naye hubeba, sema hatuulizwi. Na mimi nikuulize, ujibu ukitaka. Hakuna aliyetuambia alikuwa mvulana au msichana.

Mjomba wako,
Joackim


Ijuganyondo, Bukoba
19 Juni 2024

Mjomba,

Kasinge. Tuko wazima. Vidole vinapokezana. Kiganja nimekijaribu, mwalimu Kahangwa amekipenda.

Barua zako mbili zina mkono wa kulia tu. Nimekuuliza juu ya kushoto, unaniambia kahawa. Kama umechoka kunifundisha, sema, sitakasirika. Sijui hata kama naweza kukasirika siku hizi. Lakini usinizungushe.

Sikukuu ya mavuno hapa kwetu ni tarehe 25 Agosti. Mwalimu Kahangwa amekwisha kutangaza mbele ya kwaya nzima kwamba besi nitapiga mimi. Baadhi ya akina mama walipiga makofi, baadhi waliangalia viatu. Siwezi kusimama pale na nyuzi zinavuma hovyo.

Jumamosi tarehe 6 Julai sina kazi. Nitapanda gari la asubuhi, nitakuja na gitaa. Usiandike kunizuia, Maulida haji tena huko kabla ya siku hiyo.

Ulichouliza kuhusu mtoto sitakijibu.

Kemilembe


Muleba
15 Julai 2024

Mpwa wangu Kemilembe,

Salamu. Maulida alituambia ulifika salama. Mama Evodia amelivaa lile gauni ulilomshonea, amekwenda nalo ibadani Jumapili, na nasikia wanawake watatu wameuliza fundi ni nani. Kahawa imekauka vizuri.

Basi, umeona mwenyewe.

Ulipoingia uani nilikuwa kwenye kiti changu, sina pa kukimbilia. Nilitaka kusema, "Karibu, Kemilembe." Ulisikia kilichotoka. Ulikuwa umesimama na gitaa mgongoni, nami nikangoja uso wako ubadilike kama nyuso za wengine zinavyobadilika. Ukasema, "Kasinge waitu," ukavuta kigoda, ukakaa. Ukatazama mkono ulio mapajani mwangu ukauliza, "Ni huo wa kushoto?" Nikaitika kwa kichwa. Ukasema, "Kwa hiyo kahawa anachuma Mama Evodia peke yake." 

Siku ile hatukuongea mengi kwa sababu sikutaka. Nitayaeleza sasa, maana kwa kalamu siongei kama mlevi.

Ilikuwa Jumapili ya tarehe 17 Desemba, wakati wa Majilio. Tulikuwa kwenye wimbo wa pili. Vidole vya kushoto vikalegea. Sikusikia maumivu, ilikuwa ganzi tu, kama nimekalia mkono. Wa kulia ukaendelea kupiga, umezoea miaka thelathini, haukujua kwamba mwenzake ameondoka. Hakukuwa na kitu cha kukaba wala kuziba. Nyuzi zote zikawa zinalia kanisa zima, wimbo umesimama, mimi navuma. Watu wakageuka. Nikataka kusema, "Samahani, mkono wangu." Ulimi haukugeuka. Mzee mmoja wa kanisa akamwinamia mwenzake, nami masikio yangu yalikuwa mazima, akasema, "Joackim amerudia rubisi."

Unajua niliacha pombe mwaka ule tulipomzika mama yako. Hata divai ya meza ya Bwana nilikuwa nagusa kwa midomo tu.

Walinishika huku na huku wakanitoa nje. Wakanilaza ubavuni mwa ukuta penye kivuli ili ulevi unitoke. Mmoja alinifunika koti lake. Sikatai kwamba walinitendea kwa upole. Ibada ikaendelea. Mama Evodia siku hiyo alikuwa kwa dada yake, na aliporudi ndiye aliyenitazama mdomo akaelewa. Nilifika hospitali saa kumi jioni. Daktari akasema ni kiharusi. Akasema pengine ningewahi ingekuwa afadhali, na pengine isingekuwa, hawezi kujua.

Wazee walikuja baadaye kuomba radhi, wakaleta mkungu wa ndizi. Niliwapa mkono wa kulia. Nimewasamehe, nadhani. Walipoondoka nilijipima moyoni nione kama kuna kitu, sikukuta kitu.

Januari taarifa yako ilipofika, Mama Evodia alikuwa amekwisha kufunga mzigo. Nikamzuia. Nilifikiri hivi: tutafika Kashozi kwa wakwe zako, kwenye msiba, nitafungua mdomo kutoa pole, na watu watasema mjomba wa Kemilembe amekuja msibani amelewa. Nikaona bora nisiwepo. Mama yako hayupo, upande wetu niliyebaki ni mimi, nami nikakaa nyumbani kwa sababu ya mdomo wangu. Hayo ndiyo maelezo. Nilikuambia si mazuri.

Sasa mkono wa kushoto. Nilikushika vidole nikakupangia, lakini niyaandike usije ukasahau. Usiinue kidole. Legeza. Kiache kukandamiza kwenye chuma, lakini kibaki kimegusa uzi, na sauti itafia hapo hapo. Vidole visivyo na kazi vilale bapa juu ya nyuzi nyembamba. Viwe viwili, kwa sababu kimoja kikigusa peke yake hutoa mlio mwembamba kama filimbi. Kulia kunaziba nyuzi nene, kushoto kunaziba nyembamba. Ni hayo tu.

Maneno machache hayo yalinishinda tangu Aprili. Kila nikianza kuyaandika nilikuwa nautazama mkono wangu, nao haufanyi ninachokiandika.

Mjomba wako,
Joackim


Ijuganyondo, Bukoba
2 Septemba 2024

Mpendwa Mjomba Joackim,

Kasinge waitu. Ninakuandikia kutoka kazini, kabla wateja hawajaanza kuingia. Tuko wazima. Jua limekuwa kali, njia yetu sasa ni vumbi badala ya tope. Mwijage amemaliza ile shule, ameanza nyumba ya mtu. Mwambie Mama Evodia vitambaa alivyoagiza nimevipata, rangi ya bluu hakuna, nimechukua zambarau.

Barua yako ya Julai sikuijibu. Niliisoma, nikaikunja, nikashona mpaka jioni.   Ila nilifanya mazoezi ya kushoto kila siku, nalegeza badala ya kuinua. Siku ya tisa hivi niliacha kusikia ule mlio.

Tarehe 25 nilipiga. Kanisa lilijaa, mbele kulikuwa na mikungu, maboga, kuku waliofungwa miguu, magunia ya maharage.  Kwenye wimbo wa tatu kuna mahali kwaya yote inasimama ghafla kabla ya ubeti wa mwisho. Pale ndipo nilipokuwa naharibu tangu Machi. Safari hii nikaziba, kulia na kushoto. Hakuna kilichovuma, kanisa lote likawa kimya.

Nilidhani nitafurahi. Sikusikia kitu. Halafu katika kimya kile mtoto mchanga akalia kule mabenchi ya nyuma. Mmoja tu, kilio kifupi cha njaa, mama yake akamtuliza. Mwalimu Kahangwa akatikisa kichwa kunipa ishara na mimi nikaingia na noti yangu, sikuchelewa. Nikapiga mpaka mwisho. Watu walipiga makofi. Wale walioangalia viatu nao walikuja kunishika mkono.

Mwijage alikuwa ananingoja mlangoni. Nikamwambia, "Nipeleke Kashozi."

"Leo?"

"Leo."

 Akachukua gitaa akalirudisha ndani, tukaenda.

Sasa nijibu ulichoniuliza mwezi wa sita. Alikuwa msichana. Mkunga alimfunga kwenye kitenge changu akaja naye karibu na kitanda, akaniuliza, "Mama, utamwona?" Nikasema hapana. Akanipa muda kidogo akauliza tena. Nikageukia ukutani. Mwijage ndiye aliyempokea, akampeleka Kashozi kwa wazazi wake akamzika kibanjani, mimi nikiwa bado hospitali. Niliporudi watu walinipa pole, hakuna aliyeuliza kama nilimwona. Nami sikumuuliza Mwijage. Miezi saba tumelala kitanda kimoja, yeye anaijua sura ya mtoto wetu na mimi siijui. Hilo ndilo nililokuwa sisemi.

Mama mkwe alitukuta njiani, akaona tunakoelekea, akatupisha. Ni nyuma ya nyumba, karibu na mibuni ya zamani. Majani yalikuwa yameota mpaka gotini. Kama Mwijage asingesimama nisingejua kuwa ni pale.

Nikamuuliza, "Alikuwaje?"

Akavua kofia. Akasema, "Alikuwa na nywele nyingi. Zimelalia upande mmoja. Na kucha alikuwa nazo tayari."

"Alifanana na nani?"

"Na marehemu mama yako. Hapa, kwenye paji la uso. Nilitaka kukuambia siku ile ile. Nikasema nitangoja uniulize."

Akalia, Mjomba. Analia kama mtu asiyejua namna, kwa sauti ya kukoroma. Mimi machozi hayakuja. Nilimshika shati mpaka akamaliza. Kisha nikapiga magoti nikaanza kung'oa majani, naye akaenda kuazima jembe kwa baba yake. Tulipalilia mpaka pakawa peusi. Kwenye kidole cha kati nilichomwa na mwiba, nikasikia.

Mama mkwe alikuwa amepika ndizi na maharage. Nilikula nikamaliza, nikaomba tena. Niliwaona wakitazamana.

Kwa hiyo alifanana na dada yako. Nimeona ulijue, maana wanaomkumbuka mama akiwa msichana hapa duniani umebaki wewe.

Kuna mambo mawili. La kwanza, nimeuliza hospitali hapa mjini. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo yupo Jumanne na Alhamisi, na anasema hata baada ya miezi tisa mkono na ulimi vinaweza kupata nafuu, hakuahidi. Utakaa kwetu. Njoo Jumanne ya tarehe 10, nitakupokea stendi.

La pili, Jumamosi ya wiki hiyo tunakwenda Kashozi, na pole yako utaitoa mwenyewe pale nyumbani, mbele ya watu. Nimekwisha kuwaeleza wakwe zangu jinsi unavyoongea sasa na ilikuwaje. Baba mkwe aliitikia kwa kichwa. Mama mkwe akasema wao hawana haraka, watangoja mpaka umalize.

Mpwa wako,
Kemilembe